Mvua ya Nzega huenda bahari gani?

Basi la Mwanza likishaipita Manyoni, mapazia yanavutwa. Abiria waliopandia Dar wanajifunika kanga na majaketi, konda anapunguza sauti ya runinga, na watu wanalala fofofo mpaka Igunga, wengine mpaka Tinde. Kesho yake ukiwauliza waliona nini njiani, jibu ni moja: pori. Pori tupu, ndugu yangu, na ng'ombe. Mimi ni mtu wa Nzega, na jibu hilo limeshanichosha.

Si kwamba wanadanganya. Nchi ya katikati haina Kilimanjaro wala Serengeti ya kuonyeshea wageni. Ni uwanda wa juu, mita 1,000 hadi 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari, unaoanzia Dodoma na kwenda magharibi mpaka unapoanza kuteremkia Kigoma, na kaskazini mpaka Shinyanga. Mwenye simu ya kupiga picha atafurahia mawe ya Singida, yale makubwa yaliyopandana kando ya maziwa ya Kindai na Singidani, halafu ana safari ndefu mbele yake. Vichaka vya Itigi, miombo, mibuyu, mizani, miombo tena. Lakini ndani ya pori hilo hilo kuna kitu ambacho watu wa pwani hawana: hapa ndipo mvua inapogawana bahari.

Chukulia mvua moja ya Januari, ile ya mchana inayoziba anga kuanzia Shinyanga mpaka kusini ya Itigi. Maji yanayoangukia upande wa mto Isanga yanateremka kaskazini hadi Ziwa Victoria, yanatokea Jinja, yanapita Sudan na Misri, na yale yatakayonusurika na jua na mashamba yataishia Bahari ya Mediterania. Yanayoangukia upande wa Igombe au Ugalla yanaelekea magharibi, yanaingia Malagarasi, yanamwagikia Ziwa Tanganyika, yanatoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo, yanajiunga na Lualaba na kwenda mpaka Atlantiki. Yanayoangukia porini kwa Kizigo yanaifuata Ruaha Mkuu, yanapita Mtera, yanaingia Rufiji na kufika Bahari ya Hindi, karibu na Mafia. Na yanayoangukia Manonga au Wembere hayaioni bahari kabisa. Yanashuka Ziwa Kitangiri, yanafuata mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na huko jua linayamaliza na kuacha chumvi na magadi. Wingu moja, mchana mmoja.

Ni paa la nyumba lenye pande nne, ila hili mgongo wake hauonekani. Unaweza kuuvuka ukiwa juu ya bodaboda, kutoka kijiji kimoja kwenda kijiji cha pili kwenye msiba, usihisi mwinuko wala mteremko. Wilaya yetu yenyewe imekatwa vipande: upande mmoja unashuka Manonga, upande wa pili unashuka Igombe. Watu wawili waliozaliwa tarafa moja, waliosoma shule moja, mvua ya shamba la mmoja ni ya Kongo na ya mwenzake ni ya Eyasi.

Serikali inalijua hili vizuri. Linapokuja suala la maji haifuati mipaka ya mikoa. Imeigawa nchi katika mabonde 9, kila moja na bodi yake. Bonde la Kati, lile ambalo maji yake hayatoki kwenda popote, makao yake yako Singida. Bonde la Ziwa Tanganyika liko Kigoma, la Ziwa Victoria liko Mwanza, la Rufiji liko Iringa. Kwa hiyo majirani wawili wanaotafuta kibali cha kuchimba kisima kirefu wanaweza kujikuta mmoja anaelekezwa Singida na mwingine Kigoma, na kila mmoja akadhani mwenzake amepotoshwa na maofisa.

Pa kuliona jambo hili kwa macho ni Sekenke. Ukitoka Singida kuelekea Igunga, baada ya Misigiri ambako akina mama wanakimbilia madirisha ya mabasi na kuku, vitunguu na mafuta ya alizeti kwenye madumu, barabara inafika ukingoni na kuanza kushuka. Malori yanateremka kwa gia nzito, yakiongozana, na kila mara unasikia harufu ya breki. Chini yako kuna bonde la Wembere, limetandazwa mpaka jicho linapochoka. Kiangazi ni ardhi nyeusi iliyopasuka, nyasi za rangi ya karatasi ya kaki na vumbi linalofuata makundi ya ng'ombe. Masika ni kitu kingine: barabara inabaki imeinuliwa juu ya tuta, na pande zote mbili ni maji, majaruba ya mpunga, na watu wakivua kambare mahali ambapo miezi michache nyuma walikuwa wanapitisha baiskeli. Hiyo ndiyo mbuga kwa maana ya huku kwetu. Maji yanakuja, yanakaa, yanajisogeza taratibu kuelekea Kitangiri bila haraka yoyote, maana bonde karibu halina mteremko.

Kwenye daraja moja la huko niliwahi kumkuta mzee amechuchumaa akiangalia ubao mwembamba wenye namba, umesimamishwa majini. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba bila kugeuka. Alikuwa anasoma kina cha mto. Kila asubuhi na kila jioni anakuja, anasoma namba, anaiandika kwenye daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na mwisho wa mwezi daftari linachukuliwa na watu wa bonde. Posho ni ndogo, alisema, na wakati mwingine inachelewa mpaka anasahau kama anadai. Nilimwuliza kwa nini basi haachi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini haachi kuswali. "Nikiacha mimi, mwaka ule mto hautakuwepo," akasema. Nilichukua muda kumwelewa. Kwa wale wa ofisini, mto usiopimwa haujapita.

Sekenke hiyo hiyo ilikuwa na dhahabu. Wajerumani walifungua mgodi hapo mwaka 1909, na vita vilipowabana mwaka 1916, bandari zikiwa zimezibwa na Waingereza, dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na kwenye karakana ya reli wakapiga sarafu za rupia 15 zenye tembo. Karakana hiyo hiyo ilipiga na vijisarafu vya heller 20 vya shaba. Vita vikawakuta: Wabelgiji walioingia kutoka Kongo waliuteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Leo sarafu ile ya tembo inagombewa minadani Ulaya, na wachimbaji wadogo wa Iramba wanaendelea kupondaponda mawe ya eneo lile kwa nyundo na mashine za kukodi.

Tabora yenyewe naipenda kwa sababu haijisumbui kumpendeza mgeni. Miembe ni mingi kiasi kwamba mwezi wa Novemba na Desemba, embe zikiiva, hakuna mtoto anayenunua. Asali inauzwa kwa dumu, chupa za maji na chupa za soda, nyeusi karibu na rangi ya chai ya rangi, na muuzaji anayejiheshimu atakufungulia uonje kabla hujauliza bei. Kuna boma la Wajerumani juu ya kilima, bado linatumika na jeshi. Kuna Itetemia, alipokuwa mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893 Wajerumani walipolivunja lango lake aliiwashia moto baruti yake akajilipua, akakataa kutolewa akiwa hai. Shule aliyosoma Nyerere na mkutano wa TANU wa mwaka 1958 vimeandikwa vya kutosha, navipita.

Nataka kukaa kidogo kwenye Kazeh. Hilo ndilo jina ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Tabora, mji wa wafanyabiashara wa Kiomani na Waswahili uliokua katikati ya karne hiyo pale njia zilipokutana: moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine kurudi Bagamoyo. Novemba 1857 waliingia Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, hoi kwa homa. Walikuwa na ramani iliyochorwa na wamisionari wa pwani inayoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, refu kama konokono asiye na gamba. Mwenyeji wao, Mwomani aitwaye Snay bin Amir, akawaambia kitu ambacho kila mpagazi wa mji ule alikijua: si ziwa moja, ni matatu. Kuna la Ujiji, kuna la Nyasa, na kuna la Ukerewe huko kaskazini.

Wakaenda Ujiji, wakalifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858, wakarudi Kazeh. Burton akabaki akiugua na kuandika. Speke akapanda kaskazini na msafara mdogo, na Agosti mwaka huo akaliona ziwa la Ukerewe karibu na Mwanza. Akarudi Kazeh akitangaza kwamba chanzo cha Nile ni kile. Burton akamcheka, akasema hana ushahidi. Yeye aliamini kwamba Tanganyika lake ndilo linalotoa mto Rusizi kwenda kaskazini kuelekea Nile. Wakagombana, na ugomvi ule ulisafiri nao mpaka London. Mwaka 1871 Stanley na Livingstone walipanda ngalawa kutoka Ujiji mpaka ncha ya kaskazini kuuona huo Rusizi, wakakuta unaingia ziwani, hautoki. Burton amekwisha. Livingstone naye alikuwa na Nile yake: alishikilia kwamba Lualaba ndiyo. Mwaka 1872 aliishi kwenye tembe la Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, akisubiri wapagazi ili akaufuatilie, na Agosti akaondoka kwenda kufia Chitambo, Zambia ya leo. Stanley aliufuata mto huo mwenyewe na mwaka 1877 ukamtoa Atlantiki. Ulikuwa Kongo.

Tembe limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Ukienda utaoneshwa vyumba, nakala za barua na ramani, na mlinzi atakufungulia mlango wa mbao wa nakshi kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na foleni nyuma yako. Ninachokitafuta kwenye simulizi hizi kila mara ni mtu mwingine: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akafika India, akapata uhuru na kurudi. Alikuwa na Burton na Speke, akawa na Stanley mwaka 1871, akawa na Mwingereza mwingine, Cameron, mwaka 1873. Kazeh aliipita kwenda na kurudi kuliko bwana yeyote aliyemwajiri. Kama kuna mtu wa zama zile aliyeijua nchi hii kwa nyayo, ni yeye, na hakuna mtaa wa Tabora niliouona wenye jina lake.

Tuje kwenye bomba. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea bwawa la Igombe, kaskazini ya mji. Kiangazi kikiwa kirefu bwawa linapungua, maji yanatoka na rangi ya chai ya maziwa, na ndoo zinapangwa foleni kwa mawe yaliyoandikwa majina. Miaka ya karibuni limefika bomba la Ziwa Victoria. Maji yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi, kwenye mitambo iliyoanza kwa kuzihudumia Kahama na Shinyanga, na kwa mkopo wa India mradi ukasogezwa Nzega, Igunga na Tabora. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Tabora iko kama mita 1,200, kwa hiyo hakuna cha mteremko hapo. Kila tone limesukumwa kwa umeme.

Sasa fikiria mtu wa Cheyo au Isevya anayefungua koki asubuhi. Maji yale, yangeachwa ziwani, safari yake ilikuwa ni Jinja, Khartoum, Cairo. Yeye anakoga, anafulia, anayamwaga uani. Yanayosalimika na jua yanaingia mfereji, mfereji unashuka upande wa Igombe au upande wa Wala, yote miwili ikienda Malagarasi. Yaani yanakwenda Kongo. Jambo ambalo Burton, Speke na Livingstone walitukanana kwa ajili yake, kama Nile na Kongo zina uhusiano gani, limemalizwa na mafundi bomba, na limemalizwa pale pale Kazeh.

Si jambo dogo kisiasa. Mwaka 1929 Uingereza iliandikiana na Misri kwamba katika nchi zilizokuwa chini yake, Tanganyika ikiwemo, pasifanyike kazi yoyote juu ya Nile, matawi yake au maziwa yake itakayopunguza maji ya Misri bila ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 serikali ya Nyerere ikasema wazi kwamba Tanganyika huru haifungwi na makubaliano yale. Bomba la Ihelele limejengwa juu ya msimamo huo. Nimewahi kusikia watu wakibishana kijiweni kama maji ya Victoria ni "ya kwetu" au "ya Wamisri", na mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akawaambia wakimaliza kubishana waje wamsaidie kulipa bili. Nilikuwa upande wake.

Dodoma watanisamehe, nitawapitia haraka. Ni makao makuu kwa uamuzi wa mwaka 1973 na jiji tangu mwaka 2018, reli ya kisasa imefika tangu 2024, zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na Mtumba majengo ya wizara yanazidi kuota. Lakini kwa hesabu ya maji Dodoma ni mji uliowekwa mahali pagumu. Mvua yake haifiki hata milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Mto wake, Kinyasungwe, ni wa msimu, na unaelekea Wami na Bahari ya Hindi. Jiji linakunywa zaidi visima vya Mzakwe, Makutupora. Watu wanaongezeka, visima ni vile vile, ndiyo maana mipango yote mikubwa ni ya kuleta maji kutoka bonde la wengine. Farkwa, wilaya ya Chemba, linakusudiwa bwawa la kuuzuia mto Bubu, ambao leo unakwenda kufia kwenye mabwawa ya Bahi na kulisha mpunga wa pale. Na umeshatangazwa mpango wa kulisogeza bomba la Ziwa Victoria kupitia Singida mpaka Dodoma. Ukitimia, wabunge watakuwa wanakunywa Nile. Mtu wa Bahi ninayemjua ana swali moja tu kuhusu Farkwa: mpunga wake utapata nini? Sijasikia akijibiwa.

Magharibi ya Tabora ninapendelea treni. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914, miezi michache kabla ya vita. Marehemu mjomba wangu alifanya kazi kwenye genge la matengenezo ya njia, na aliizungumzia reli kwa vyakula: Saranda kuku, Tabora asali, Uvinza chumvi, Kigoma migebuka. Mpaka leo ukiwa na usingizi unaweza kujua uko wapi kwa kinachopigiwa kelele dirishani.

Urambo, nchi ya mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuwatia adabu wafanyabiashara wa Tabora kwa miaka, ndiko Waingereza walikoleta trekta miaka ya 1940 wakitaka kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Karanga ziligoma. Tumbaku ikakubali, na kuni za kukaushia tumbaku zimeila miombo vibaya mno. Kutoka Kaliua kwenda mbele nchi inaanza kulegea, mabwawa yanaongezeka, na Malagarasi inakusanya kila kitu: Moyowosi kutoka kaskazini, Ugalla kutoka kusini, Igombe kutoka kwetu. Ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi ina ukubwa wa kilomita za mraba 32,500 hivi, na mwaka 2000 ikawa ya kwanza Tanzania kuandikishwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Ukubwa huo unazidi nchi nzima ya Rwanda, na wengi wetu hatujawahi kuiona hata kwenye kalenda.

Uvinza treni inasimama muda wa kutosha kununua chumvi. Hapo, jirani na mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, chemchemi zinatoa maji ya chumvi kali kutoka ardhini, na watu wamekuwa wakiyachemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Wanaakiolojia wamekuta vigae vya vyungu vyao. Misafara ilijaza mizigo hapa. Inashangaza kidogo: umbali wote huo kutoka baharini, na soko zima la bara linakula chumvi isiyojua bahari.

Wataalamu wa miamba wana jambo moja kuhusu Malagarasi ambalo linanifurahisha kila nikilifikiria. Mto ni mkongwe kuliko ziwa. Ziwa Tanganyika linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12. Kabla ya bonde la ufa kupasuka, mto ulikuwa ukienda moja kwa moja Kongo. Ardhi ikapasuka mbele yake, shimo likajaa maji, na leo lina kina cha mita 1,470, sakafu yake ikiwa kama mita 700 chini ya usawa wa bahari. Mto ukaendelea kuelekea kule kule.

Ujiji, kwenye mnara wa Livingstone, pale Stanley alipomkuta mwaka 1871, wageni huuliza swali zuri ambalo vibao havilijibu: mbona ziwa liko mbali? Picha za vitabuni zinaonyesha mtu anakaribishwa karibu kabisa na maji, na hapa unatembea kidogo, unapita nyumba na bustani za mchicha, ndipo unafika mitumbwi ilipo. Jibu liko ng'ambo, Kalemie. Lukuga ndiyo njia pekee ya maji kutoka ziwa hili, na katikati ya karne ya 19 ilikuwa imezibwa na mchanga na matete. Cameron alifika mwaka 1874, Stanley akaikuta imeziba mwaka 1876, na ziwa likazidi kupanda. Mwaka 1878 kizuizi kikavunjika, maji yakafumka kuelekea Lualaba, na kina cha ziwa kikashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Ufuko wa Ujiji ukahama, na mwembe wa mkutano ukaachwa nchi kavu.

Tangu mwaka 2020 ziwa limekuwa likipanda tena. Nyumba za ufukweni Kigoma na Ujiji zimeingiliwa na maji, na Bujumbura ndiyo imeumia zaidi. Gati la Kigoma lilinikutanisha na mfanyabiashara wa Kalemie aliyekuwa anasimamia kupakiwa kwa saruji kwenye boti la mbao. Nilimwuliza kuhusu Lukuga.

"Pale? Maji inapitaka mbio sana," akasema. "Ile mwaka ziwa ilipanda, ilituingilia mpaka ku nyumba. Tukahama."

Nikamwelezea bomba la Ihelele, kwamba sisi tunachota Nile na kuwatumia wao kupitia Tabora. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema basi ndiyo sababu maji imekuwa mingi. Kisha akauliza kama namfahamu mtu wa Tabora anayeuza asali kwa jumla, madumu 20 kwa kuanzia, maana Kalemie inanunuliwa vizuri na ile inayoletwa kwao wanaichanganya na sukari. Nilimpa namba.